Kubana picha za kidijitali bila kuharibu kingo zake

Picha inayopigwa katika ufuo wa Luanda Kotieno, pale feri ya kuelekea Mbita inapotia nanga, hubeba vitu vya aina mbili. Kuna anga na maji, ambavyo rangi zake hubadilika polepole. Kuna pia ubavu wa mashua ulioandikwa nambari ya usajili, ambapo rangi nyeupe hukatika ghafla na kuwa nyeusi.

Picha hiyo inapotumwa kwa simu hubanwa kwanza ili iwe nyepesi. Anga hufika salama, lakini nambari ya mashua yaweza kufika ikiwa na ukungu, tarakimu 3 isitofautike na 8.

Jambo hilo halitokani na ubovu wa simu. Linatokana na kanuni zinazotumiwa kuamua kipi katika picha kihifadhiwe na kipi kitupwe. Kwa yeyote anayetegemea picha ya stakabadhi, cheti, hati ya ardhi au rula iliyolazwa kando ya samaki, kuzifahamu kanuni hizo kwaweza kumwepusha na hasara.

Kwa nini picha hubanwa

Picha ya kidijitali ni jedwali la nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kila pikseli ya rangi kwa kawaida huelezwa kwa nambari tatu, yaani kiasi cha wekundu, kijani na buluu, na kila nambari huwa kati ya 0 na 255. Nambari moja huchukua nafasi ya baiti moja.

Picha yenye upana wa pikseli 3,000 na kimo cha pikseli 2,000 ina pikseli milioni 6. Pasipo kubanwa, inahitaji baiti milioni 18, yaani takriban megabaiti 18.

Katika enzi ya intaneti ya kupiga simu, modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ingechukua kiasi cha dakika 43 kusafirisha picha hiyo moja. Ikibanwa hadi megabaiti 2, safari hiyo hushuka chini ya dakika 5.

Kebo za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009, zikiwemo SEACOM na TEAMS, ziliongeza kasi ya mawasiliano nchini Kenya. Hata hivyo, haja ya kubana haikuondoka, kwa kuwa picha nazo zimeongezeka ukubwa na wanaozituma kwa simu hulipia data wanayotumia.

Njia mbili za kubana

Kuna njia mbili kuu za kubana picha. Ya kwanza haipotezi chochote: picha ikifunguliwa, kila pikseli hurudi ilivyokuwa. Ya pili hutupa baadhi ya maelezo kwa makusudi, kwa kutegemea kwamba jicho la binadamu halitayakosa.

Njia ya kwanza hutumia marudio. Badala ya kuandika "nyeupe" mara 500, kompyuta huandika kwamba nyeupe inarudiwa mara 500. Muundo wa GIF, uliotolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987, hufanya kazi kwa msingi huo, ingawa una kikomo cha rangi 256 katika picha moja.

Mwishoni mwa mwaka 1994, kampuni ya Unisys, iliyokuwa na hataza ya mbinu ya kubana iliyotumiwa na GIF, ilitangaza kwamba ingetoza ada za leseni kwa programu zilizoitumia. Tangazo hilo liliwasukuma wataalamu kubuni muundo wa PNG, ambao shirika la W3C liliuidhinisha mwezi Oktoba 1996.

PNG haipotezi pikseli hata moja, kwa hiyo kingo zake hubaki kali. Udhaifu wake ni uzito. Kwa mchoro, ramani au ukurasa wa maandishi hufaa sana, lakini picha ya kamera iliyojaa rangi zinazobadilikabadilika mara nyingi hupungua kwa takriban nusu tu.

Njia ya pili huongozwa na JPEG, jina linalotokana na kundi la wataalamu lililoundwa mwaka 1986. Viwango vyake vilikamilishwa mwaka 1992, na huweza kupunguza picha ya kawaida ya kamera hadi sehemu ya kumi ya uzito wake bila tofauti inayoonekana kwa urahisi.

Jinsi JPEG inavyofanya kazi

JPEG huanza kwa kutenganisha mwangaza na rangi. Jicho la binadamu hutambua mabadiliko madogo ya mwangaza kuliko mabadiliko ya rangi, kwa hiyo aghalabu nambari za rangi hupunguzwa hadi seti moja kwa kila pikseli nne. Hii ndiyo sababu muhuri mwekundu juu ya karatasi nyeupe huonekana kana kwamba wino wake umevuja.

Baada ya hapo picha hukatwakatwa katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8. Kila kisanduku hugeuzwa kutoka orodha ya nambari 64 za mwangaza na kuwa orodha ya mawimbi 64, kuanzia wimbi pana hadi wimbi jembamba linalopandashuka kwa haraka.

Hesabu ya mageuzi hayo ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefanya kazi nchini Marekani, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao.

Kufikia hapo, karibu hakuna kilichopotea katika mwangaza. Upotevu hutokea katika hatua inayofuata, ambapo ukubwa wa kila wimbi hugawanywa kwa nambari maalumu, kisha jibu likakadiriwa hadi nambari nzima iliyo karibu.

Katika jedwali la mfano lililoambatishwa na viwango vya JPEG kwa ajili ya mwangaza, thamani ya kwanza, ambayo ni wastani wa kisanduku kizima, hugawanywa kwa 16. Wimbi jembamba la mwisho hugawanywa kwa 99. Thamani ya 48 katika nafasi ya kwanza hutoa 3, nayo huhifadhiwa. Thamani hiyohiyo katika nafasi ya mwisho hutoa 0.48, ambayo hukadiriwa kuwa sufuri na kutoweka.

Kwa kisanduku cha anga, mawimbi membamba huwa karibu sufuri tangu mwanzo, hivyo hakuna hasara. Kwa kisanduku chenye ukingo, mambo ni tofauti.

Kwa nini ukingo huumia

Ukingo ni mahali ambapo mwangaza au rangi hubadilika ghafla kutoka pikseli moja hadi jirani yake. Ili mawimbi laini yajenge ukuta uliosimama wima, sharti yawe mengi, yakiwemo yale membamba kabisa. Yale membamba yakiondolewa, ukuta hulegea na kuwa mteremko, na pembeni yake huzuka vijiwimbi vya uongo.

Vijiwimbi hivyo ndivyo vumbi la kijivu linaloonekana kuzunguka herufi nyeusi katika picha iliyobanwa kupita kiasi. Tatizo hilo halikuanza na kompyuta: wanahisabati walilieleza tangu karne ya 19, na hujulikana kwa jina la Gibbs, mwanasayansi wa Marekani.

Jingine ni visanduku vyenyewe. Kwa kuwa kila kisanduku hubanwa peke yake, mipaka yao huanza kuonekana mbano unapozidi, na jicho huona kingo ambazo hazikuwepo. Kwa hiyo JPEG iliyobanwa mno hufanya makosa mawili kwa pamoja: hufifisha kingo za kweli na kuzusha za bandia.

Hesabu ya wastani na tofauti

Suluhisho mojawapo laweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua pikseli nane za mstari mmoja unaokatiza herufi nyeusi kwenye ubavu mweupe wa mashua: 240, 240, 240, 20, 20, 240, 240, 240.

Zikigawanywa katika jozi na kila jozi ikapewa wastani wake, hubaki nambari nne: 240, 130, 130, 240. Data imepungua kwa nusu, lakini herufi iliyokuwa nyeusi na nyembamba imekuwa doa pana la kijivu.

Sasa, pamoja na wastani wa kila jozi, ihifadhiwe nusu ya tofauti kati ya nambari zake mbili. Kwa herufi, tofauti hizo ni 0, 110, -110 na 0. Wastani 130 ukijumlishwa na 110 hurejesha 240, na ukipunguzwa 110 hurejesha 20. Ukingo umerudi kamili.

Kwa mstari wa anga wenye nambari 200, 201, 201, 202, 203, 203, 204, 204, wastani ni 200.5, 201.5, 203 na 204. Tofauti zake ni -0.5, -0.5, 0 na 0.

Kanuni ni kutupa kila tofauti iliyo ndogo kuliko 1 na kuhifadhi zilizo kubwa. Anga hupoteza tofauti zake zote na hakuna atakayegundua. Herufi haipotezi hata moja. Nafasi iliyookolewa angani hutumiwa kulipia kingo.

Hesabu hii ilianzia kwa mwanahisabati wa Hungaria, Alfréd Haar, mwanzoni mwa karne ya 20. Mbinu za kisasa hutumia viwimbi vilivyo laini zaidi na kurudia kazi hiyo katika ngazi kadhaa, lakini wazo ni lilelile: wastani hueleza sehemu tulivu, tofauti hueleza kingo.

Muundo wa JPEG 2000, uliotolewa kufuatia kazi ya kundi lilelile la JPEG, umejengwa juu ya msingi huo. Hauhitaji visanduku vya 8 kwa 8, na una namna mbili: moja inayopoteza kidogo na nyingine isiyopoteza chochote.

Funzo la alama za vidole

Umuhimu wa kingo ulidhihirika wakati Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilipoanza kuhamisha mamilioni ya kadi za alama za vidole kutoka kwenye makabati hadi kwenye kompyuta. Kadi moja iliyopigwa picha ilichukua takriban megabaiti 10.

JPEG ilijaribiwa lakini haikufaa. Alama ya kidole ni mkusanyiko wa mistari myembamba, na utambuzi hutegemea mahali mstari unapoishia au kugawanyika. Mbano ulipoongezwa, visanduku viliikata mistari hiyo na kuvuruga ushahidi wenyewe.

Mwaka 1993, idara hiyo ilikubali kiwango kilichotumia viwimbi, kilichotayarishwa kwa ushirikiano na wataalamu wa maabara ya Los Alamos. Kiwango hicho kilipunguza uzito kwa zaidi ya mara 10 huku mistari ikibaki ya kutambulika.

Ukingo wa gugumaji

Kwa wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria, ukingo wenye uzito mkubwa ni ule unaotenganisha maji na gugumaji. Mmea huo uliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam, ambayo Luanda Kotieno iko karibu na mlango wake.

Gugumaji linapoziba ufuo, mashua haziwezi kutoka, feri hukwama na samaki hukosa soko. Kiasi cha eneo lililofunikwa hupimwa kwa picha za setilaiti, na kipimo hicho hutegemea kabisa mahali ukingo wa gugumaji unapoonekana kuwa.

Setilaiti za Landsat, ambazo picha zake zimetolewa bila malipo tangu mwaka 2008, huona ardhi kwa pikseli za mita 30 kwa 30. Pikseli moja ni mita 900 za mraba.

Tuseme kuna zulia la gugumaji la mraba lenye upana wa kilomita 3. Katika picha hiyo ni pikseli 100 kwa 100, yaani hekta 900. Ukingo ukififia na kusogea ndani kwa pikseli moja kila upande, hubaki pikseli 98 kwa 98, na hekta 36 hivi hupotea katika hesabu. Hiyo ni asilimia 4.

Kwa zulia dogo lenye upana wa mita 300, madhara ni makubwa zaidi. Pikseli 10 kwa 10 hugeuka 8 kwa 8, na asilimia 36 ya eneo hupotea. Ikumbukwe kwamba mazulia madogo ndiyo yanayoashiria mwanzo wa uvamizi mpya, wakati ambapo kuchukua hatua kungekuwa rahisi.

Ndiyo maana wanaopima hawatumii nakala za JPEG zinazowekwa kwenye tovuti kwa ajili ya kutazamwa. Data za Landsat hutolewa katika mafaili yasiyopoteza thamani za pikseli. Picha za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwezi Juni 2015 na ambazo huona hadi mita 10, husambazwa katika muundo wa JPEG 2000.

Haja hiyo ipo nchi kavu pia. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kwamba sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta, avuliwe akiwa na urefu wa sentimita 50 hadi 85. Picha ya samaki kando ya rula ni ushahidi mzuri iwapo mistari ya rula inasomeka. Ikiungana na kuwa utepe wa kijivu, haithibitishi chochote.

Ukingo mkali waweza kudanganya

Hata hivyo, ukingo ulio mkali si lazima uwe wa kweli. Funzo hilo lilitokea Ujerumani mwaka 2013.

Mwezi Agosti mwaka huo, mtaalamu wa kompyuta David Kriesel alitangaza kwamba baadhi ya mashine za kunakili za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nyaraka. Katika ramani moja ya nyumba, vyumba vitatu vilivyokuwa na ukubwa wa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vyote vilitoka katika nakala vikiwa na 14.13.

Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana maandishi iitwayo JBIG2. Mbinu hiyo hutafuta herufi zinazofanana katika ukurasa, huhifadhi umbo moja tu, kisha hulirudia kila linapohitajika. Mashine ilipoamua kimakosa kwamba 6 na 8 zinafanana, iliweka moja mahali pa nyingine.

Nakala haikuwa na ukungu wowote. Tarakimu zilikuwa safi, zimenyooka, na hazikuwa za kweli. Xerox ilikiri tatizo hilo na kutoa marekebisho ya programu.

Tofauti kati ya kisa hicho na JPEG ni muhimu. JPEG ikishindwa huacha ukungu, na msomaji huona kwamba amekosa kitu. Mbinu inayolinda ukali kwa kubahatisha umbo haimwachii msomaji onyo lolote. Tahadhari hiyohiyo inazihusu programu za kisasa zinazodai kusafisha picha yenye ukungu, kwani nyingi hujaza kingo kwa makisio.

Njia ya kati ni kutenganisha maandishi na mandhari. Muundo wa DjVu, uliotolewa na maabara za AT&T nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, huhifadhi maandishi katika tabaka moja lenye kingo kali na karatasi yenyewe katika tabaka jingine linalobanwa sana. Baadhi ya programu za kutengeneza PDF kutokana na karatasi hufuata utaratibu kama huo.

Mambo ya kuzingatia

Kwa matumizi ya kila siku, uamuzi wa kwanza ni kutambua picha ni ya nini. Picha ya arusi, mandhari au mnyama huhifadhiwa vyema katika JPEG yenye ubora wa juu. Miundo mipya kama WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, hutoa mafaili mepesi zaidi na pia ina namna isiyopoteza chochote.

Picha ya skrini, mchoro, jedwali au ramani yafaa kuhifadhiwa katika PNG. Kwa vitu vya aina hiyo, PNG mara nyingi huwa nyepesi kuliko JPEG na kingo hubaki zilivyokuwa.

Cheti, stakabadhi au hati ikitumwa kwa WhatsApp, ni salama zaidi kuituma kama faili badala ya kama picha, kwa kuwa picha za kawaida hubanwa tena kabla ya kutumwa.

Iwapo uzito bado ni tatizo, ni bora kukata sehemu zisizohitajika, kama vile meza iliyo chini ya karatasi, kuliko kuongeza mbano. Kupunguza idadi ya pikseli kwapasa kuwa hatua ya mwisho, kwani herufi ndogo haziwezi kurejeshwa zikishapotea.

Aidha, JPEG isifunguliwe, ikarekebishwa na kuhifadhiwa upya mara kwa mara. Kila mara ihifadhiwapo baada ya marekebisho, mgawanyo na makadirio hufanyika tena, na kingo huzidi kulegea. Nakala ya kwanza iwekwe kando bila kuguswa.

Hatimaye, kabla ya kutuma hati yoyote yenye nambari, nakala iliyobanwa ikuzwe kwenye skrini na kila tarakimu ilinganishwe na ile iliyo kwenye karatasi. Karatasi yenyewe isitupwe: ndiyo pekee inayoweza kuthibitisha kwamba 8 iliyo kwenye picha haikuwa 3 au 6.